Silaha za sumu zilizozamishwa Baltic zangali hatari kwenye tope la bahari

Mvuvi wa kisiwa cha Bornholm, nchini Denmark, anapovuta wavu wake na kukuta humo bonge la rangi ya manjano iliyochanganyika na kahawia, laini kama udongo wa mfinyanzi, hathubutu kuligusa kwa mkono mtupu. Anajua si udongo. Ni gesi ya haradali, silaha iliyotengenezwa Ujerumani kwa ajili ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, ikazamishwa baharini vita vilipokwisha, na ambayo hadi leo ina uwezo wa kuunguza ngozi, kupofusha macho na kuharibu mapafu.

Jina la gesi linapotosha. Haradali hiyo ni maji mazito kama mafuta, na katika baridi ya chini ya nyuzi 14 hivi za Selsiasi huganda. Ubaya wake mkubwa ni kwamba haiumi papo hapo. Mvuvi anaweza kuishika asubuhi, akaendelea na kazi, akala chakula chake, na malengelenge yakamtoka jioni wakati sumu imekwisha kupenya ngozini. Ndiyo maana sheria za Denmark zinazitaka meli zinazovua mashariki mwa kisiwa hicho ziwe na vifaa maalum vya huduma ya kwanza kwa wanaodhuriwa na gesi. Kwenye ramani za mabaharia eneo hilo limechorwa na kuwekewa onyo kwamba si vyema kutia nanga wala kuvua hapo. Si marufuku, ni ushauri tu, na wavuvi wenye madeni ya kulipa hawakuwa wakiusikiliza ushauri huo kila siku.

Kwa miaka mingi habari za silaha hizi zilihusu watu waliounguzwa. Mwaka 1955, watoto 102 waliokuwa kwenye kambi ya likizo huko Darłówko, pwani ya Poland, walidhurika baada ya kukuta ufuoni pipa lililokuwa likivuja na kulichezea. Mwaka 1997, mabaharia wa meli ya uvuvi ya Poland waliopoa bonge la haradali, wakaungua, na baadhi yao wakalazwa hospitalini. Visa vidogo vya nyavu zilizonasa mabonge au makombora yaliyooza, na samaki waliolazimika kutupwa, ni mamia. Serikali ya Denmark ilikuwa ikiwalipa fidia wavuvi waliopoteza samaki kwa njia hiyo.

Swali lililowachukua wanasayansi muda zaidi kulishughulikia ni jingine: zile silaha ambazo hazijanaswa na wavu wowote, zilizolala kule chini tangu mwaka 1947, zinalifanya nini tope lililozimeza?

Zilifikaje huko

Ujerumani iliposhindwa mwaka 1945, nchi nne zilizoigawana, yaani Uingereza, Marekani, Ufaransa na Muungano wa Kisovieti, zilikuta katika maghala yake karibu tani 300,000 za silaha za kemikali. Hitler hakuwa amezitumia vitani. Washindi walikubaliana ziteketezwe, lakini kuziteketeza kwa moto kulihitaji viwanda, fedha na muda, navyo vyote vilikuwa adimu katika Ulaya iliyobomoka. Bahari ilikuwa karibu na haikudai malipo.

Waingereza na Wamarekani walipakia mizigo yao katika meli kuukuu na kuzizamisha meli hizo pamoja na shehena yake, nyingi katika mlango wa bahari wa Skagerrak, kati ya Norway, Sweden na Denmark. Wasovieti walitumia mtindo mwingine. Mwaka 1947 walisafirisha tani zipatazo 32,000 za mabomu, makombora na mapipa hadi katika bonde la bahari lililo mashariki mwa Bornholm, na tani nyingine 2,000 hivi hadi kusini mwa kisiwa cha Gotland, kisha wakazitupa moja moja kutoka sitahani. Mengine yalitupwa yakiwa bado ndani ya makasha ya mbao. Makasha hayo yalielea, yakachukuliwa na mkondo na mengine yakaishia kwenye fuo za Bornholm na Sweden. Kuna pia mizigo iliyotupwa njiani kabla meli haijafika mahali palipopangwa, jambo ambalo linaeleza kwa nini wavuvi wamekuwa wakinasa mabonge nje kabisa ya duara lililochorwa kwenye ramani.

Kwa hesabu za tume ya nchi za Baltic inayosimamia mazingira ya bahari hiyo, HELCOM, jumla ya silaha za kemikali zilizozamishwa humo ni tani zisizopungua 40,000, zenye ndani yake kemikali za sumu zipatazo tani 15,000. Zaidi ya nusu ya sumu iliyoko Bornholm ni haradali. Nyingi ya zilizosalia ni kemikali zenye aseniki, ambazo majeshi yalizitengeneza ili kumfanya adui apige chafya, atapike na kuivua barakoa yake. Aseniki, kwa asiyeifahamu, ndiyo ile sumu ya panya ya zamani.

Lazima isemwe kwamba kuzitupa baharini hakukuwa wazo la wazimu kwa fikra za wakati ule. Wataalamu wa 1947 waliamini kwamba maji ya bahari yangeipooza sumu, na kwa kiasi fulani walikuwa sahihi. Walichokosea ni kudhani kwamba sumu yote ingekutana na maji.

Ganda nje, sumu ndani

Haradali ikiyeyuka katika maji huvunjika upesi. Molekuli zake hugawanyika na kutoa tindikali ya haidrokloriki, ambayo chumvi za bahari huimeza, na kitu kiitwacho thiodiglikoli, ambacho sumu yake ni ndogo sana ukilinganisha na ya haradali yenyewe. Wapo hata bakteria kwenye mashapo ya bahari wanaoweza kuila thiodiglikoli. Kama mchezo ungekuwa huo tu, habari ya silaha hizi ingekwisha zamani.

Tatizo ni neno hilo la kuyeyuka. Haradali haipendi maji. Kule chini ya Bornholm, kwenye kina cha mita 70 hadi 105, baridi ni ya nyuzi chache tu mwaka mzima, kwa hiyo haradali inayotoka kwenye bomu lililoliwa na kutu hutoka ikiwa imeganda. Aidha Wajerumani walikuwa wameichanganya sehemu ya haradali yao na vitu vya kuifanya iwe nzito na ya kunata, ili ikirushwa vitani ing'ang'anie nguo na mimea. Sehemu ya juu ya bonge hukutana na maji na kuvunjika, lakini mabaki ya kuvunjika huko hushikana na kufanya ganda gumu. Kila apikaye ugali anaujua mtindo huu: ugali ukiachwa sahanini hushika ganda juu, na chini ya ganda ukabaki laini kama ulivyopakuliwa. Ndani ya ganda la haradali sumu hukaa miaka kwa makumi bila kuguswa na maji.

Mabonge ya namna hiyo ndiyo yanayoingia kwenye nyavu. Chuma cha bomu kimekwisha kuoza, bonge limebaki limelala juu ya tope au limefukiwa nusu, na wavu ukipita unalizoa pamoja na samaki. Likifika sitahani baridi yake hupungua, na likiingizwa kwenye chumba chenye joto huanza kutoa mvuke. Mtu asiyeligusa naye hudhurika.

Kasi ya chuma kuoza nayo haiko sawa kila mahali. Baltic ni bahari ya ajabu kidogo. Imezungukwa na nchi kavu karibu pande zote, maji yake ni ya chumvi kidogo, na mlango wake wa kutokea kuelekea Bahari ya Kaskazini ni mwembamba. Maji yenye chumvi nyingi ni mazito, hivyo hukaa chini, na yale mepesi ya mito huelea juu yake kama mafuta juu ya mchuzi. Tabaka hizi mbili hazichanganyiki kwa urahisi. Matokeo yake oksijeni haifiki chini, na mabonde ya kina kama lile la Gotland hukaa muda mrefu bila oksijeni kabisa. Pasipo oksijeni, kutu hupunguza mwendo. Kisha mara moja baada ya miaka kadhaa dhoruba husukuma maji mapya ya chumvi kutoka Bahari ya Kaskazini, oksijeni huingia, na chuma kilichokuwa kimetulia huanza tena kuliwa.

Kwa hiyo kando ya kombora lililotoboka miaka mingi iliyopita na kumwaga kila kitu, laweza kulala jingine la kiwanda hicho hicho ambalo bado ni zima. Yeyote anayetafuta mwaka mmoja ambao sumu yote itatoka atasubiri sana. Inatoka kidogo kidogo, hapa leo na pale baada ya miaka 20.

Aseniki haiendi kokote

Kama haradali ndiyo inayowatisha wavuvi, kemikali za aseniki ndizo zinazowaumiza vichwa wachunguzi wa mashapo. Sababu ni rahisi kuielewa. Molekuli ya haradali ikivunjwa vya kutosha, sumu imekwisha. Aseniki ni elementi, haivunjiki. Kemikali za kivita kama adamsiti na zile mbili ambazo Wajerumani waliziita Clark hubadilika umbo zikikaa majini, hushika oksijeni au kuiachia, lakini aseniki yenyewe inabaki pale pale, tena ina tabia ya kujishikiza kwenye chembe za tope.

Kuipima nako kuna mtego wake. Tope la Baltic lina aseniki ya asili, iliyoletwa na mito na miamba, na nyingine iliyotoka viwandani. Mchunguzi akichota tope na kupima jumla ya aseniki, hawezi kusema ipi imetoka kwenye bomu na ipi imetoka mtoni. Ilibidi maabara, hasa ile ya Helsinki iitwayo VERIFIN ambayo kazi yake ya kila siku ni kuhakiki utekelezaji wa mkataba wa kupiga marufuku silaha za kemikali, zibuni njia za kutafuta zile molekuli ambazo hazipatikani popote katika maumbile isipokuwa zimetengenezwa na mtu kwa ajili ya vita. Zikionekana hizo, ubishi umekwisha.

Nazo zilionekana. Kati ya mwaka 2005 na 2008 mradi wa Umoja wa Ulaya ulioitwa MERCW uliipima Bornholm. Ukafuatiwa na CHEMSEA, ulioanza 2011 hadi 2014 chini ya uongozi wa Taasisi ya Elimu ya Bahari ya Poland iliyoko Sopot, kisha MODUM uliofadhiliwa na NATO, na DAIMON uliokwisha mwaka 2019. Meli za utafiti zilipita juu ya maeneo hayo zikipiga mawimbi ya sauti ili kupata picha ya sakafu ya bahari, roboti zikateremshwa kuangalia kila kitu kilichofanana na bomu, na tope likachotwa karibu nacho.

Picha iliyojitokeza si ile ya magazeti yaliyozoea kuandika kuhusu bomu la wakati linalosubiri kuangamiza bahari nzima. Masalia ya kemikali za aseniki yalikutwa katika sehemu kubwa ya sampuli, hata mbali kidogo na silaha zenyewe, lakini mengi kwa viwango vidogo. Haradali yenyewe, isiyovunjika, ilikutwa mara chache, na ilipokutwa ilikuwa karibu sana na bonge au bomu. Yaani uchafuzi umejipanga kama madoa: hatua kadhaa kutoka kwenye kombora lililooza kipimo kinashuka, na hatua chache tena kinapanda kwa sababu umelikaribia jingine. Kuchukua wastani wa eneo zima na kutangaza kwamba hali ni shwari ni sawa na kuchukua wastani wa joto la jiko na la kisima.

Viumbe wa chini

Kwenye tope la bahari huishi minyoo, kome, viumbe wadogo wa jamii ya kamba, na wengine wasioonekana kwa macho. Hao ndio chakula cha samaki. Sehemu za ndani kabisa za bonde la Bornholm zina viumbe wachache sana, na hapa ndipo utafiti unapokuwa mgumu, kwa kuwa ukosefu wa oksijeni peke yake unatosha kuwaua. Nani ashitakiwe, aseniki au ukosefu wa hewa? Baadhi ya wachunguzi waliamua kuteremsha kome wazima ndani ya vitundu na kuwaacha karibu na maeneo ya silaha, kisha kuwapandisha na kuwapima. Kome hao walionyesha dalili za mwili uliosumbuliwa.

Samaki mkuu wa biashara huko ni chewa wa Baltic, ambaye ni wa maji baridi na si yule wa miamba ya pwani yetu. Masalia ya kemikali za aseniki za kivita yamepatikana katika nyama ya baadhi ya samaki waliovuliwa Bornholm, na pia katika kamba na samaki bapa wa karibu na meli zilizozamishwa Måseskär, pwani ya Sweden. Ni viwango vidogo mno, vya kupimwa kwa mashine za hali ya juu, na mlaji wa kawaida hana sababu ya kukimbia sahani yake. Lakini kuna jambo limethibitika hapo: sumu imetoka kwenye chuma, ikaingia kwenye tope, na kutoka kwenye tope imeingia kwenye kiumbe. Njia ipo.

Kusini mwa Italia wameiona njia hiyo kwa uwazi zaidi. Tarehe 2 Desemba 1943, ndege za Ujerumani ziliipiga bandari ya Bari, na miongoni mwa meli zilizolipuka ilikuwamo ya Marekani iitwayo John Harvey, iliyobeba kwa siri mabomu 2,000 ya haradali. Madaktari hawakuambiwa wagonjwa wao wameunguzwa na nini. Zaidi ya 80 kati ya waliolazwa kwa sababu ya gesi hiyo walikufa, bila kuhesabu raia wa mji. Baada ya vita silaha zilizosalia zilitupwa katika Bahari ya Adriatiki iliyo karibu, na wavuvi wa mji wa Molfetta wamekuwa wakiungua kwa miaka mingi. Watafiti wa Italia waliochunguza samaki wa sakafuni katika eneo hilo walikuta majeraha ya ngozi, ini lililoharibika na dalili za kuguswa kwa chembe za urithi, mambo ambayo hayakuwa na uzito huo kwa samaki wa mahali safi.

Msomaji wa ukanda huu wa Afrika asiione haradali hii kuwa kitu cha mbali sana. Italia hiyo hiyo iliimwaga kutoka angani juu ya wanajeshi na wanavijiji wa Ethiopia katika vita vya 1935 na 1936.

Nyavu, mabomba na mlipuko

Tope likiachwa lilivyo hufanya kazi ya kaburi. Kila mwaka vumbi jipya hutua juu yake na kulifunika lililo chini. Mfano mzuri uko Ubelgiji. Karibu na pwani ya mji wa Knokke-Heist, jirani na bandari ya Zeebrugge, kuna kifungu cha mchanga kiitwacho Paardenmarkt ambako Ubelgiji ilitupa, mara baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, makombora ya Wajerumani yanayokadiriwa kufikia tani 35,000, na inaaminika sehemu yake ni ya gesi. Maji hapo ni ya mita chache tu. Makombora hayo yalisahauliwa mpaka mwaka 1971, wazamiaji walipoyakuta wakati wa kazi za bandari. Leo mengi yamefunikwa na mashapo, uvuvi na kutia nanga ni marufuku, na serikali imechagua kuyaacha na kuyapima mara kwa mara.

Baltic haikupata utulivu huo. Nyavu za kukokota, zenye milango mizito ya chuma ya kuutanua mdomo wa wavu, zimekuwa zikilima sakafu ya bonde la Bornholm kwa miaka mingi kama plau shambani. Zimefukua mabonge, zimevunja makombora yaliyokuwa yanaoza polepole, na zimerusha tope lenye sumu likachukuliwa na mikondo. Kila bonge lililonaswa na kutupwa tena baharini lilihamishwa kutoka mahali pake. Kuanzia mwaka 2019 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku uvuvi wa kumlenga chewa wa mashariki mwa Baltic, kwa sababu samaki huyo alikuwa anakwisha. Sheria hiyo ilitungwa kwa ajili ya chewa, lakini tope nalo lilipata nafuu.

Kisha ikaja tarehe 26 Septemba 2022. Mabomba ya gesi ya Nord Stream, yanayotoka Urusi kwenda Ujerumani yakipita jirani na Bornholm, yalilipuliwa. Dunia ilizungumza habari za gesi, siasa na nani aliyetega baruti. Kundi la watafiti likiongozwa na Hans Sanderson wa Chuo Kikuu cha Aarhus liliuliza swali jingine: milipuko ile ilifanya nini kwa tope? Jibu lao, lililochapishwa mwaka 2023, ni kwamba tani zipatazo 250,000 za mashapo yaliyochafuka zilirushwa ndani ya maji na kuelea kwa zaidi ya wiki moja, na kwamba katika maji yenye ujazo wa kilomita 11 za mraba wa pande tatu viwango vya sumu vilivuka mipaka ya usalama wa viumbe kwa zaidi ya mwezi.

Wengi walitarajia kusikia kwamba sumu hiyo ni ya silaha za 1947. Haikuwa hivyo. Waliochangia zaidi hatari hiyo ni madini ya risasi na tributiltini, kemikali iliyokuwa ikichanganywa kwenye rangi za meli ili konokono na chaza wasishike. Kwa maneno mengine, biashara ya kawaida ya wakati wa amani ilikuwa imelichafua lile tope kuliko Hitler. Hilo halizisafishi silaha. Linaonyesha kwamba zimelala katika tope ambalo tayari lina mzigo wake, na anayetaka kupitisha bomba, waya wa umeme au nguzo za mitambo ya upepo hapo atakuwa anafukua vyote kwa pamoja.

Nani atazitoa?

Kisheria, jibu fupi ni kwamba hakuna anayelazimika. Mkataba wa London wa 1972 ulizuia utupaji wa vitu vya aina hii baharini, baada ya Marekani yenyewe kuzamisha meli zenye silaha za kemikali hadi mwaka 1970. Mkataba wa Silaha za Kemikali, ulioanza kutumika tarehe 29 Aprili 1997 na ambao Kenya na Tanzania ni wanachama, unamtaka kila mwenye silaha hizo azitangaze na kuziteketeza. Lakini mkataba huo una kifungu kinachoziacha nje silaha zilizotupwa baharini kabla ya tarehe 1 Januari 1985. Mataifa makubwa yote yalikuwa na kitu chini ya maji, na kila moja lilipendelea kibaki huko. Katika Umoja wa Mataifa ilikuwa nchi ndogo ya Lithuania, isiyozamisha chochote lakini yenye pwani kwenye bahari hiyo, iliyosukuma azimio la Desemba 2010 la kuzitaka nchi zishirikiane kuchunguza athari za silaha hizi kwa mazingira. Azimio hilo limerudiwa mara kadhaa. Halimlazimishi mtu.

Wahandisi nao wamegawanyika. Kombora lililokaa majini miaka karibu 80 laweza kupasuka likiinuliwa, na bonge la haradali lililokuwa limetulia likamwaga sumu njiani. Japan ilithubutu: kuanzia mwaka 2004 iliyatoa mabomu ya kemikali ya zamani karibu na bandari ya Kanda na kuyateketeza, lakini hapo ni bandarini, maji si ya kina kirefu, na fedha zilikuwapo. Kutoa makumi ya maelfu ya vitu vilivyotawanyika kwenye kina cha mita 90 ni shughuli nyingine kabisa. Wapo wanaopendekeza yafunikwe kwa mchanga. Wapo wanaosema yachaguliwe machache yaliyo hatari zaidi, ndiyo yashughulikiwe. Mimi naona hawa wa mwisho wana hoja, maana uchafuzi wenyewe ni wa madoa, na doa huondolewa pale lilipo.

Maumbile nayo yameongeza utata. Mwaka 2025 watafiti waliopiga picha vichwa vya makombora ya V-1 yaliyotupwa katika ghuba ya Lübeck, ambayo ni ya baruti ya kawaida na si ya gesi, walikuta viumbe wapatao 43,000 kwa kila mita mraba ya chuma, wakati tope la pembeni lilikuwa na takriban 8,200. Wanyama hao wanahitaji tu kitu kigumu cha kushika, na kwenye sakafu ya tope tupu kombora ndilo jiwe lililopo.

Ujerumani imetenga Euro milioni 100 kuanza kuondoa silaha kwenye maji yake, ambayo yana takriban tani milioni 1.6 za mabomu na makombora ya kila aina, na majaribio ya kwanza yalianza katika ghuba hiyo ya Lübeck mwaka 2024. Kazi imeanza na silaha za kawaida, karibu na pwani, mahali pasipo na kina. Bonde la Bornholm halimo katika mpango huo.